Daraja la Mezani

Wapo mafundi wa mifano midogo ya vita, ya kuwekwa mezani, wanaojenga daraja la mawe kwa kipimo cha 1:35. Povu gumu huchorwa mawe kwa kalamu, likapakwa kijivu, kisha rangi nyeusi yenye maji mengi ikapenyezwa kwenye nyufa ili lionekane kuukuu. Kuukuu! Njooni kwetu Nalasi, kusini mwa Tanzania, ukuukuu tunautoa bure. Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, ulingoja hadi 2010 ndipo Daraja la Umoja, mita 720, likafunguliwa kule Mtambaswala. Daraja la mafundi wale, mto wake ni gundi iliyoganda, halijui mafuriko, ila lazima libomolewe ubavu mmoja: eti bomu limepita. Na fundi anajisifu, limebomoka vizuri.