Muulize Somo: Wali Ndani ya Oveni

Wiki hii mfuko wa barua umejaa wali. Sijui nani amewakopesha watu oveni, lakini kila bahasha niliyofungua ina trei, foili na mtu aliyenuna. Nimechagua chache. Zilizobaki ni matusi ya mawifi, nayo nimejiwekea akiba.

*Shikamoo Somo. Nina mwaka mmoja kwenye ndoa. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Tanga, na juzi alinikuta nafunika mchele kwa foili nausukuma ndani ya oveni. Hakusema neno. Alikwenda kukaa kwenye kochi akapiga simu moja baada ya nyingine, na kila moja iliishia na "maskini mwanangu". Wali ulitoka vizuri, akala, akaongeza, kisha akasema huo si wali, ni keki. Nifanyeje? – Mkaza Mwana, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Umesema aliongeza. Mtu msikilize sahani yake, simu zake achana nazo. Kesi ya wali umeshaishinda. Iliyobaki ni ya heshima, na hiyo inataka adabu.

Kaa naye umuulize: kwao Tanga, wali wa nazi ukikaribia kukauka hufanywa nini? Atakwambia hupaliwa. Moto wa chini hupunguzwa, mfuniko hukazwa, makaa hupangwa juu yake, wali ukamalizikia kati ya moto na moto. Mkate wa kumimina nao hupata uso wake wa kahawia kwa njia hiyohiyo. Hyderabad, kwenye biriani, mfuniko huzibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke, na makaa yakawekwa juu. Wafaransa nao wana pilaf yao, mchele unaokaangwa kidogo na vitunguu, ukatiwa supu, kisha ukamaliziwa ndani ya oveni, na sijasikia mama mkwe wa Paris aliyepiga simu. Oveni yako inapalia tu, mwanangu. Imeondoa majivu ikaongeza bili.

Kipimo ni hiki. Kila kikombe cha mchele uliooshwa na kuchujwa, maji kikombe kimoja na nusu. Maji yawe yanachemka unapoyamimina, kwa sababu oveni ni mvivu wa kuchemsha maji baridi, na mchele ukikaa muda mrefu kwenye vuguvugu hulainika nje ukabaki na kiini. Tia chumvi na kijiko cha mafuta, kaza foili pembe zote, sukuma ndani ya oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 190. Baada ya dakika 25 itoe, uiache dakika 10 bila kuifunua. Mchele mpya wa msimu, uwe wa Kyela au wa Morogoro, hupunguziwa maji kidogo. Wali wa nazi anza nao juu ya jiko kwa tui jepesi. Likikaribia kukauka mimina tui zito, ndipo uusukume ndani kwa nyuzi 160, robo saa.

Na siku hiyo mwite mama mkwe aje aifunge foili kwa mkono wake. Ukiifunga wewe ataifungua aikaze upya, kwa hiyo mwachie tangu mwanzo. Hakuna anayepiga simu kuisengenya kazi ya mkono wake mwenyewe.

*Somo, mimi ni mtu mzima wa Kisauni. Miaka yote haki yangu mezani ni ukoko. Tangu mke wangu aanze mambo ya oveni, wali unatoka mweupe juu hadi chini. Nimenyamaza kwa ajili ya amani ya nyumba, lakini nakonda. – Baba Ukoko*

Pole, Baba Ukoko, ingawa nina wasiwasi na hiyo "haki yangu" katika nyumba yenye watoto.

Ukoko wako hajauficha mtu. Juu ya jiko moto hupiga kitako cha sufuria peke yake. Punje za chini hukauka kabla ya wenzake, zikakaangika kwa mafuta na kushikana. Ndani ya oveni joto huzunguka chombo chote, hakuna punje inayoonewa. Ndiyo maana wali hauungui, na ndiyo maana unakonda.

Tiba ya haraka: wali ukitoka, sufuria irudishwe juu ya moto mdogo dakika tano, na kijiko cha mafuta kichuruzishwe pembeni. Iwe sufuria ya madini. Bakuli la kioo litapasuka, nawe utalaumiwa. Tiba ya heshima iko kwa Wairani. Kwao ukoko, yaani tahdig, huandaliwa kwa makusudi na kupewa mgeni. Wana pia tahchin: wali uliochanganywa na mtindi, mayai na zafarani, unaookwa ndani ya oveni mpaka chini pawe rangi ya dhahabu, kisha unapinduliwa kwenye sinia, ukoko ukatazama juu. Mpe mke wako habari hizi. Lakini usimpe ukiwa umekaa mezani. Nenda jikoni, shika mwiko, ndipo useme.

*Somo, nimehamia Rongai kutoka Kongowea. Kipimo ni kilekile cha mama, pishori ni ileile ya Mwea, lakini wali unabaki na kiini. Jirani anasema nipandishe oveni mpaka 250. – Mgeni wa Bara*

Usimsikilize jirani. Kongowea uko usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Huko ulikopanda yanachemka kwenye 94 hivi. Punje ikiwa bado imelowa, haiwezi kupata joto kupita la maji yanayoizunguka, hata oveni iwe jehanamu. Ukiweka 250 utapata pembe zilizoungua na kiini chako palepale. Ongeza maji kidogo na dakika saba au nane. Na uache kufungua mlango kuchungulia. Hukuniandikia kwamba unachungulia, lakini unachungulia.

*Somo, je, vishikio vya plastiki vinahimili oveni? Naomba jibu haraka. – Niko Jikoni, Morogoro*

Barua yako imechelewa kunifikia. Pole kwa sufuria.

*Somo, naishi peke yangu na tokeni zinayeyuka. Kosa ni la oveni? – Kapera, Kimara*

Kosa ni lako. Oveni ya umeme hula wati 2,000 au zaidi. Ukijumlisha muda wa kupata moto na wa kupika, sahani yako moja imemeza karibu uniti nzima. Sufuria ya umeme ya kupikia wali, ya wati 500, inamaliza kazi hiyohiyo kwa robo uniti. Oveni iachie siku ya wageni, jiko limejaa mchuzi na samaki, nawe unataka trei mbili za pilau ziive pamoja bila mtu wa kuzisimamia. Kapera asiye na wageni apikie juu ya jiko, au aoe kwenye nyumba yenye oveni.

*Somo, usiku nikizima oveni naacha wali humohumo. Asubuhi una uvuguvugu mzuri, nakula na chai. Mume wangu anasema ni hatari, mimi nasema ni akili. – Mpenda Kiporo, Unguja*

Safari hii mume yuko sahihi. Mpongeze kwa sauti ya chini. Mchele huwa na vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha, huamka, huzaana na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha moto upya haitoki. Hilo joto unalolisifia ndilo linalovilea. Wali uliobaki utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, na asubuhi uupashe mpaka utoe mvuke. Kiporo ni halali yako, ila kilale kwenye baridi.

Wiki ijayo ni zamu ya chapati. Wenye maswali ya maikrowevu msiniandikie, nina presha.