Ngazi Isiyofika Popote: Mwongozo kwa Mkazi wa Musoma

Kwanza hakikisha unaihitaji. Mtu anayehitaji mashine ya kupanda ngazi ana dalili zake. Anakaa Nyasho, ofisi iko Mukendo, na kila asubuhi bodaboda inamfuata mlangoni. Akipita Bunda, mlima Balili anaupanda kwa macho, dirishani mwa basi. Akifika Butiama anauliza kama gari haliwezi kusogea kidogo zaidi, hapo hapo alipoanzia Mwalimu mwaka 1967, akaenda kwa miguu hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha.

Umejiona? Basi chukua spana.

1. Kataa mota. Fundi atakwambia ulete mota. Mkatalie kwa heshima. Mashine hii haimpandishi mtu. Uzito wako ndio unaosukuma kidato chini. Kazi ya mashine ni kukizuia kisishuke upesi. Kwa hiyo unachotengeneza ni breki kubwa yenye mahali pa kushikilia.

2. Tafuta shokapu mbili za pikipiki. Sema unataka zisizovuja, utapewa zinazovuja. Ukikanyaga, mafuta ya ndani yanalazimishwa kupenya kwenye tundu dogo, na hapo ndipo ugumu unapotoka. Springi ya nje inasaidia kurudisha kanyagio juu.

3. Nenda kwa mchomeleaji. Akuundie fremu ya bomba za mraba na makanyagio mawili yenye bawaba nyuma. Shokapu ifungwe karibu na bawaba, ili ikibonyea sentimita 5, mguu ushuke sentimita 20. Raha hiyo ina gharama: ulichozidisha kwa mwendo, shokapu inakilipa kwa nguvu, mara nne. Mtu wa kilo 80 anaibebesha kilo 320. Bolti ziwe bolti, si msumari uliopindwa.

4. Funga kapi. Unganisha makanyagio kwa kamba ya waya iliyopita kwenye kapi, moja likishuka jingine lipande. Ukisahau kapi, yote mawili yatalala chini nawe utasimama juu yake kama abiria anayesubiri kivuko cha Kinesi.

5. Piga hesabu, ujisifu. Mtu wa kilo 70 akipanda kidato cha sentimita 20 anatumia jouli 137 hivi. Vidato 60 kwa dakika ni wati 137, na ni mita 12 kwenda juu. Nusu saa: mita 360! Mlima mzima, na bado uko sebuleni, umbali ule ule na friji.

Jasho lote hilo limekwenda wapi? Shika shokapu, itakuchoma. Nguvu yako imegeuka joto ndani ya mafuta. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, na kanyagio linalegea. Ndiyo huruma pekee ya mashine hii: wewe ukichoka, nayo inalegeza.

6. Usione haya. Kifaa hiki kina ukoo. Mwaka 1818 mhandisi William Cubitt aliwapa wafungwa wa Uingereza gurudumu lenye vidato, walikanyage kutwa. Mahali pengine lilisaga nafaka, pengine lilisaga upepo tu. Karne ile ilipokuwa inakwisha, Waingereza wakaona adhabu hiyo imezidi, wakaifuta. Haikupita karne nyingine, miaka ya 1980 StairMaster ikatokea Marekani, na watu wakaanza kulipa ada ya mwezi ili waruhusiwe kukanyaga. Wewe umeokoa ada.

7. Fanya jaribio la mwisho. Panda asubuhi, mlango ukiwa wazi upate hewa. Hapo ndipo atakapopita mama muuza dagaa, ametoka Mwigobero na beseni kichwani, amepandisha mwinuko wote wala hahemi.

"Shikamoo, mama," utasema, ukitweta.

"Marahaba." Atashusha beseni, aiangalie mashine, akuangalie wewe, airudie mashine. "Sasa mwanangu, unapanda kwenda wapi?"

Usijibu. Nunua dagaa visado viwili, kisha inama ujifanye unakaza nati. Beseni atalipandisha mwenyewe.