Kata! Bahari Imeondoka

Kazi ya kundi katika masomo ya filamu huanza kwa kugawana vyeo, na hapo hakuna ugomvi kwa sababu bado hakuna aliyebeba kitu. Mmoja anakuwa mwongozaji kwa kuwa ana sauti kubwa. Wa pili anakuwa mpiga picha kwa kuwa kamera ni ya shemeji yake. Wa tatu ni mhariri, maana laptopu yake ndiyo pekee isiyozimika ikifunguliwa programu mbili kwa pamoja. Wa nne, aliyechelewa kufika kikaoni, anakabidhiwa sauti. Wa tano anatangaza kwamba yeye ni produsa, na tangu hapo anaonekana zaidi WhatsApp kuliko lokesheni.

Aliyewahi kupita Mji Mkongwe akakuta njia imezibwa na tripodi, na kijana ameinua kijiti chenye maikrofoni kama anayetungua embe, ameshakutana na kundi hili. Baadhi yao ni wa vyuo, baadhi wametoka kwenye warsha za ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ambalo tangu 1998 limekuwa likionyesha filamu za nchi za jahazi ndani ya Ngome Kongwe. Kila mmoja ana ndoto ya kuliona jina lake kwenye skrini ile. Lakini kabla ya jina kuna kipindi kirefu cha kugundua kwamba vitabu vya ufundi wa filamu vimeandikwa na watu ambao hawajawahi kushuti Unguja.

Tuanze na mwanga, maana ndio unaowatoa jasho mapema. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linakaa utosini, na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Wanafunzi wanakimbilia vichochoroni kutafuta kivuli, wanakipata, wanapanga kamera, wanafanya mazoezi ya maneno. Na wakati kila kitu kiko tayari, utepe wa jua unapenya kati ya kuta mbili ndefu na kumkata mwigizaji uso nusu kwa nusu. Anasogezwa. Jua nalo linasogea. Mwisho wa tukio, mtu aliyeanza mazungumzo mlangoni kwake anayamalizia kwa jirani.

Ndani ya nyumba mambo hayana nafuu. Kamera ya shemeji imetoka Marekani, ambako umeme unakwenda kwa hezi 60. Wa kwetu ni hezi 50. Taa za tyubu zinapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni, ila kamera iliyopangwa kwa desturi za kwao inaiona vizuri sana, na picha nzima inapita michirizi myeusi. Dawa yake ni kubadili shata kutoka 1/60 kwenda 1/50, kazi ya sekunde chache. Kundi linagundua hilo baada ya kumaliza kushuti, kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuwa anapita zake.

Ukiongeza chumba chenye kiyoyozi, balaa linatimia. Lenzi iliyopoa ikitolewa nje kwenye joto la kaskazi inafunga ukungu mara moja, kwa sababu unyevu wa hewa unageuka matone kwenye kioo baridi. Mpiga picha anaifuta kwa fulana. Inafunga tena. Anaifuta tena. Mwongozaji, ambaye hataki kuonekana hajui, anasema ameupenda ule ukungu, unaleta hisia za ndoto.

Masikitiko yote hayo ni madogo ukiyalinganisha na ya mtu wa sauti. Huyu ndiye aliyedhulumiwa kuliko wote katika fani hii, na mwandishi wa makala haya yuko upande wake bila kuficha. Maikrofoni inasikia yale ambayo sikio limeshayazoea: friji, feni, vespa inayopanda kutoka mtaa wa Malindi, na kunguru. Hasa kunguru. Ndege hawa waliletwa kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka za mji, na tangu wakati huo hawajawahi kunyamaza kwa ajili ya mtu. Tukio la mapenzi lililoandikwa kwa uangalifu, kijana anamwambia binti maneno matamu juu ya paa, na juu ya antena kunguru anajibu kabla binti hajafungua mdomo.

Halafu alasiri inaingia. Hakuna mwenye akili timamu atakayemwambia muadhini “kata.” Kundi linatulia, linasubiri kwa adabu. Msikiti mmoja unamaliza, wa pili uko katikati, wa tatu ndio kwanza unaanza, kwa kuwa saa za misikiti hazilingani. Ukimya unaporudi, nusu ya waigizaji wamekwenda kuswali, jambo ambalo halikuandikwa kwenye ratiba ingawa adhana hiyo ipo kila siku ya Mungu.

Kuna pia kitu ambacho walimu wa sauti wanakisisitiza mno: kurekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya, bila mtu kusema, ili mhariri awe na kipande cha kuzibia mapengo. Ni zoezi jepesi kuliko yote katika filamu, na ndilo linaloshindikana. Kikohozi. Kiti. Mtu anacheka kwa sababu ameambiwa asicheke. Hatimaye kimya cha kweli kinapatikana, sekunde zinahesabiwa, na simu inalia mfukoni kwa mwongozaji. Ni produsa. Anauliza wamefikia wapi.

Wenye nyumba wana saburi, lakini saburi ina mipaka.

“Wanangu, hamjamaliza tu? Nguo zangu zitaniozea ndani ya ndoo.”

“Shikamoo bibi. Samahani sana, dakika tano tu.”

“Marahaba. Dakika tano zenu hizo nazisikia tangu asubuhi.”

Hapo ndipo kundi linapogundua fundi wake halisi. Barua ya kibali kutoka Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni wanayo mfukoni, lakini wazee waliokaa barazani hawakuandikiwa barua, na mwenye vespa aliyeegesha katikati ya fremu hasomi barua. Anahitajika mtu wa kusalimia kwa mpangilio, kuulizia hali ya watoto, kukubali kahawa, kueleza kisa kizima cha filamu bila kuonyesha haraka. Katika makundi mengi kazi hiyo inamwangukia mtu wa sauti, kwa sababu ndiye pekee ambaye kazi yake imemfunza kusikiliza. Pale Jaws Corner, kipembe cha Soko Muhogo kilichopata jina lake kutokana na filamu ya papa ya Steven Spielberg ya 1975, uzoefu ni wa pekee. Mtaa wenye jina la filamu haukosi wahakiki. Mwongozaji anaelekeza mara moja, wacheza dhumna wanaelekeza mara nne, na mara nyingine ushauri wao ndio bora.

Wanafunzi wenye tamaa kubwa zaidi wanataka kutengeneza kisa cha zamani. Lawama kwa hili iende kwa mafanikio ya wengine. Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ikiuonyesha Mji Mkongwe wa miaka ya 1950, ikapelekwa hadi tamasha la Toronto. Basi kila kundi likajiona linaweza. Mji wenyewe ni mkongwe, watajisumbua nini? Wanavaa kanzu na koti za babu, wanaazima baiskeli, wanaweka kamera. Nyuma ya baiskeli kuna dishi la setilaiti, mashine ya kiyoyozi inayodondosha maji, fungu la nyaya, na mtalii mwenye kaptura anayewapiga picha wao.

Basi waende shamba! Ndivyo produsa anavyoshauri kwenye simu. Kundi linapanda daladala ya 309 kwenda Jambiani, tripodi juu ya chanja pamoja na magunia. Tukio ni la kuagana: kijana anaingia kwenye ngalawa, binti anabaki ufukweni, maji ya alasiri yamejaa, yanang'aa. Wanapata nusu ya kwanza, upande wa kijana. Kila mmoja anafurahi. Upande wa binti utamaliziwa Jumamosi ijayo, saa ile ile, nguo zile zile. Wamekwishasoma somo la mwendelezo. Wamepiga picha mpaka ya ushungi ili mikunjo isije ikatofautiana.

Jumamosi inafika. Ushungi uko sawasawa, mikunjo yote ipo. Bahari haipo. Ngalawa imelalia ubavu mchangani, na maji ni mstari mwembamba huko mbali.

“Shikamoo mzee. Maji yatajaa saa ngapi?”

“Marahaba. Mnataka maji gani?”

“Yale ya Jumamosi iliyopita.”

“Yale yameshakwenda zake, mwanangu. Ile ilikuwa bamvua. Leo maji mafu.”

Mvuvi hahitaji kitabu kulieleza. Maji yanachelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, hivyo baada ya wiki saa ya kujaa inakuwa saa ya kupwa. Ukitaka bahari ile ile kwa saa ile ile, subiri wiki mbili, mwezi uandame au upevuke. Kundi halina wiki mbili. Kazi inakabidhiwa Jumatano. Ndiyo maana katika filamu iliyokamilika kijana anaondoka kwa tanga na binti anampungia mkono jangwani. Mwalimu aliandika pembeni kwamba ni ishara nzito ya upweke. Hakuna aliyemsahihisha.

Umeme nao una historia yake ndefu katika fani hii. Unguja ilikaa gizani mwezi mzima mwaka 2008, kisha karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya mfumo wa waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka bara kupata hitilafu. Siku hizi mwanafunzi anakabiliana na kukatika kwa nusu saa tu, lakini nusu saa inatosha kabisa ikiwa hukuhifadhi kazi. Mhariri anajifunza kubonyeza kitufe cha kuhifadhi kwa vidole vinavyotetemeka.

Lakini aibu kubwa kuliko zote haisababishwi na umeme, wala kunguru, wala mwezi. Siku ya kukabidhi, mhariri anakuja na flashi ndogo, amejaa fahari. Mwalimu anaichomeka, anafungua, na skrini nzima inakuwa nyekundu, na maandishi yanayosema kwa lugha kadhaa kwamba picha hazionekani. Mhariri amenakili faili la mradi peke yake. Faili hilo ni orodha ya maagizo tu, kata hapa, unga pale. Picha zenyewe ziko kwenye diski, diski iko nyumbani, nyumbani ni Bububu, nje ya mji. Anatumwa mtu na vespa.

Wanaodhani huu ni upungufu wa kizazi cha leo wangesoma historia ya majumba ya sinema ya mji huu. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha 2018, anaeleza jinsi nakala moja ya filamu ilivyoweza kuonyeshwa katika majumba mawili usiku mmoja: rili ikimalizika upande huu, kijana wa baiskeli anaipakia na kuipeleka upande wa pili. Rili moja ni kiasi cha dakika 20. Ukumbi mzima unamtegemea mtu mmoja, mnyororo wa baiskeli yake, na mbuzi wanaokatiza njia. Sinema ya Unguja ilikuwa kazi ya kundi tangu zamani, na tangu zamani ilining'inia kwa mtu aliyetumwa haraka.

Kijana wa vespa alirudi kutoka Bububu na diski, mwalimu akaangalia, alama zikatoka, si mbaya. Kilichobaki ni orodha ya majina mwishoni mwa filamu, na hapo ndipo ugomvi ambao haukutokea siku ya kwanza ulipotokea wote kwa mpigo. Nani awe juu? Mwongozaji alidai ni yeye. Mpiga picha alikumbusha kamera ni ya nani. Mtu wa sauti hakudai kitu. Aliomba tu bibi wa nguo atajwe, na mvuvi, na mwenye vespa, hadi orodha ya shukrani ikawa ndefu kuliko orodha ya watengenezaji. Saa nne usiku, faili likiwa limeshapandishwa, ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp. Ulitoka kwa produsa. Alikuwa ameitazama filamu kwa mara ya kwanza, ameipenda, ila jina lake limeandikwa bila ile herufi ya h, na anaomba mhariri airudie upya.