Mpira wa Shemeji na Hesabu za Mahindi

Msimu ulikuwa umepamba moto, malori yamejipanga hadi barabara ya Morogoro, shemeji alipotua Kibaigwa na flashi yenye mchezo wa mpira wa zamani. Kompyuta yetu ni moja, na ndimo zinamokaa hesabu za soko: magunia, ushuru, madeni.

Mchezo ukagoma, ukidai d3dx9_43.dll haipo. Mwanangu akakuta tovuti inayogawa faili hilo bure, akalipachika ndani ya System32. Ukagoma tena. Kwenye Windows ya biti 64, programu ya biti 32 huelekezwa SysWOW64, hivyo haikuliona. Shemeji akashauri wapakue “kirekebishaji” cha tovuti ileile. Kufikia jioni matangazo yalikuwa yakichomoza juu ya hesabu zangu, na mume wangu, aliyekuja kutazama deni la mteja wa Gairo, akazima swichi ya ukutani. Nilitetemeka.

Binti yetu alifika kutoka Dodoma mjini. “Shikamooni. Nani kagusa hii mashine?”

Kwanza alinakili hesabu kwenye flashi safi. Akafuta faili lile na programu ngeni, akaisafisha mashine kwa kinga ya Windows yenyewe.

“Baba mdogo, DirectX 12 imo humu tayari. Zinazokosekana ni maktaba ndogondogo za DirectX 9. Windows mpya haiji nazo. Microsoft walizikusanya kwenye kifurushi cha Juni 2010. Zinakaa kando ya mpya, haziigusi.”

Akakipakua kwa Microsoft wenyewe, MB 95 hivi. Kabla ya kukifungua akakagua sahihi yake ya kidijitali: Microsoft Corporation. Mimi ninayechoma bambo kila gunia kabla ya kutoa hela nilimwelewa hapohapo. Wanaogawa faili mojamoja wanacheza na riziki za watu, na hilo linanikera hadi leo.

Kifurushi kikauliza folda, kikajifunga kimya. Shemeji akashangilia.

“Bado, baba mdogo. Kimeshusha mzigo tu.” Akaingia kwenye folda ile, akaendesha DXSETUP. Mpira ukachezwa.

Shemeji akafungua mchezo mwingine, wa miaka ya 1990. Huo ukadai DirectPlay. Mwanangu alikuwa keshaukimbilia mtandao, dada yake akamshika mkono: hiyo imo ndani ya Windows, inawashwa tu kwenye orodha ya vipengele vyake. Mume wangu akasema itawashwa tukishafunga hesabu za lori la Gairo.