Ufunguo Uko Mkononi

Shela ya bibi harusi imelowekwa kwenye beseni nyumbani kwangu tangu Jumamosi jioni. Maji nimeyabadili mara saba, na kila nikiyamwaga yanatoka na rangi ya chai kavu. Anayefua si mke wangu, ni mimi. Hiyo ndiyo hukumu ya baraza la mashangazi, na rufaa hakuna.

Kosa langu ni kuwa mjomba mwenye Mercedes. Mpwa wangu alikuwa anaolewa Beni, na ukoo wote wa Butembo ukaona ni aibu bibi harusi kushuka kanisani kutoka kwenye Probox ya kukodi wakati mjomba ana 300D nyeupe, ile ya zamani ya W123, iliyotoka Ubelgiji. Mjomba mwenye akili angeliosha gari, akalifunga utepe, akalala. Mimi nikaliwekea turbo.

Msinicheke kabla hamjasikia hesabu. Kitabu cha gari hili kinasema injini ina nguvu ya farasi 88. Lakini kitabu kiliandikwa na watu wa tambarare. Butembo imekaa juu, zaidi ya mita 1,700, na hapa hewa ni nyepesi: karibu sehemu moja kati ya tano ya ile wanayoivuta watu wa Mombasa huku haipo. Dizeli isiyo na turbo inavuta inachokikuta. Kwa hiyo farasi wangu kumi na tano hivi walibaki bandarini Mombasa, na waliofika Butembo walifika wamechoka.

Turbo ndiyo dawa yake, na hapa naomba mnivumilie, maana kitu hiki nakipenda hata baada ya kuniaibisha. Injini inatupa moshi wa moto. Turbo inaudaka moshi huo kabla haujatoka na kuupitisha kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, linaloenea kwenye kiganja. Gurudumu linazunguka. Kwenye ekseli ileile, upande wa pili, kuna gurudumu jingine linalovuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Ni kama mhunzi anayepumua tu, na pumzi zake zinamvutia mvukuto. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1905, wakati sisi huku bado tulikuwa shamba binafsi la Leopold II. Ekseli yenyewe inapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Tamka neno “Butembo” mara moja: imeshazunguka mara elfu moja.

Na haina beringi za gololi. Inaelea ndani ya utando wa mafuta ya injini, chuma hakigusi chuma. Mafuta yanaingia kwa shinikizo la pampu, lakini kutoka yanatoka kwa uzito wake tu, kama maji ya mvua kwenye bati. Ndiyo maana bomba la kuyarudisha chini lazima liwe pana na literemke moja kwa moja. Shikeni hapo kwenye kuteremka.

Turbo yangu ilitoka kwenye Hilux Surf iliyokwisha zamani, ikaja kutoka Kampala kwa njia ya Kasindi, ndani ya gunia la vitunguu. Fundi sitamtaja. Hata nikimwita Kambale sijamtaja, maana kwetu kila mtoto wa pili wa kiume ni Kambale. Siku nne alichomelea bomba zito la chuma kuunganisha turbo ya Mjapani na injini ya Mjerumani, na kwa kweli mkono wake wa kuchomelea ni safi. Chujio la hewa alilitoa, akasema linaibana pumzi. Bomba la kurudisha mafuta akaliweka mpira mwembamba, ukapita chini ya mguu wa injini, ukainuka kidogo, ukashuka. Nikamuuliza kuhusu ule mwinuko.

“Papa,” akasema, “mafuta yanajua njia.”

Jumamosi alfajiri tukaondoka. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na safari hii farasi wangu walirudi wote, wakaja na jamaa zao. Kwenye vilima vya Kabasha, ambako zamani nilikuwa napitwa na lori la mbao, turbo ikapiga mluzi na gari likapanda kama vile hakuna aliyeliambia kwamba ni mlima. Bibi harusi aliniambia, “Mjomba, hili gari limekuwa kijana.” Ningekufa dakika ile ningekufa na furaha.

Lakini niseme ukweli. Mtu wa Geneva anataka turbo ili awahi. Sisi tunaitaka ili jioni isitukute njiani. Kwenye barabara hii magari yamechomwa na watu wamechinjwa, na anayepanda kilima kwa mwendo wa konokono anajua macho yanamtazama kutoka msituni, au anadhani yanamtazama, na hilo linatosha. Ushuru wa barabara tunalipa. Kwenye bariera tunalipa tena. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya maafisa wa jeshi na polisi. Mwaka huohuo Uganda ilizindua mradi wa kilomita 223 za lami, na hizi 54 zetu zimo ndani yake. Mimi mlinzi wangu nilimnunua kwa dola 250 ndani ya gunia la vitunguu.

Tukafika. Uwanja wa kanisa una mteremko, nikaegesha pua ikitazama chini ili picha zipendeze, na injini nikaiacha inanguruma kwa sababu betri haiaminiki. Ibada ilichukua saa mbili na nusu. Muda wote huo ule mwinuko mdogo wa mpira, gari likiwa limeinama, ulikuwa umegeuka kilima kama Kabasha. Mafuta hayakuijua njia. Yakajaa ndani ya turbo, yakapenya upande wa hewa, yakatuama kwenye bomba yakisubiri.

Maharusi wakatoka, kwaya inaimba, wakaingia, madirisha wazi. Nikakanyaga mafuta kidogo, kwa heshima.

Injini ikalia. Haikunguruma, ililia, kama nguruwe mia mbili. Moshi mweupe mzito ukatoka nyuma, upepo ukaurudisha wote ndani ya gari. Nikazungusha ufunguo. Sauti ikapanda. Nikauchomoa.

“Mjomba, zima gari!”

“Nimezima!”

“Mjomba, zima!”

“Ufunguo uko mkononi!”

Dizeli haina cheche za umeme za kuzimwa. Inabana hewa mpaka iive, na chochote chenye mafuta kikiingia humo kinawaka. Ufunguo unafunga dizeli ya tangi tu. Injini yangu ilikuwa imeshaachana na tangi, inakunywa mafuta yake yenyewe. Kadiri inavyokunywa inazidi kukimbia, ikikimbia turbo inazidi kuipakulia: mlevi aliyefungiwa ndani ya nyumba ya kasiksi. Gari la gia za mkono unaweza kulitia gia ya juu, ukakanyaga breki, likafa. Langu ni otomatiki.

Bwana harusi alishukia mlango wa pili, peke yake. Mashangazi wameliweka hilo akibani.

Aliyetuokoa ni mzee wa kwaya, aliyewahi kuendesha malori. Akafungua kapo, akatafuta mdomo wa bomba la hewa, ule ambao chujio lake lilikuwa linaibana pumzi, akaubandika kitabu chake cha nyimbo chenye jalada gumu. Injini ikakivuta, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Hapo ndipo nilitarajia kicheko, na nilikuwa nimeshajiandaa kucheka wa kwanza. Hakuna aliyecheka. Moshi ulipotulia niliona uwanja mtupu na viatu. Nilivihesabu, sijui kwa nini: kumi na kimoja. Bibi mmoja alikuwa amelala kifudifudi chini ya lori, na mjukuu wake anamwambia kwa Kinande, polepole, kwamba ni gari tu, kaaka, ni gari tu. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014, na tangu hapo mlio hauulizwi jina, unakimbiwa. Mimi nilikuwa nimewaletea watu hao mlio wa kujitakia, umefungwa utepe mweupe. Kwa hilo sina utani.

Mengine ni madogo. Rangi ya kapo imevimba kama chapati. Kwenye bariera, gari likiwa linavutwa na lori la ndizi, nilitozwa kwa kosa la moshi. Bibi harusi alifika kwenye karamu kwa Probox ya kukodi.

Jumatatu fundi alifungua injini. Pistoni ya tatu imeyeyuka kichwa. Kumbe kiwandani, walipoweka turbo kwenye injini ya aina hii mwaka 1978, waliweka pia vijibomba vya kurushia pistoni mafuta kwa chini ili zisiungue, na vali za moshi zenye sodiamu ndani. Injini yangu haina kimoja wala kingine. Nikamuuliza fundi kama alijua.

“Aa, papa,” akasema, “hiyo kila mtu anajua.”

Kitabu cha nyimbo nimekilipa dola tano, ingawa mzee amekataa kipya. Anataka kilekile chenye duara jeusi kwenye jalada. Mwenye pistoni ya 300D isiyo ya turbo, kipenyo milimita 90.9, nipo Butembo. Na mwenye dawa ya doa la mafuta kwenye shela aanze yeye.