Barua Kutoka Oman: Juu ya Ugumu wa Mtu Kuwa Peke Yake Jangwani

Safari ya pikipiki ya mtu mmoja, kama inavyoelezwa na Wazungu walioiandikia vitabu vingi, ni ile ambayo mpandaji hujitenga na watu kwa makusudi ili, baada ya siku kadhaa za upepo na vumbi, akutane na nafsi yake. Na kwa kuwa jangwa ni mahali pasipo watu, jangwa huhesabiwa kuwa ndiko nafsi hizo zinakopatikana kwa wingi. Waraka huu, unaotumwa kwa jamaa wa Unguja kutoka Maskati, unachunguza iwapo maelezo hayo yanasimama pale mpandaji anapokuwa Mswahili na jangwa lenyewe linapokuwa la Oman. Mpandaji aliyechunguzwa hatatajwa jina kwa sababu za staha, ingawa mtaa mzima wa Ng'ambo unamfahamu na nusu yake inamdai. Inatosha kusema kwamba alitoka Ng'ambo ya Unguja akaenda ng'ambo ya bahari kushika daftari za hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, na kwamba mwezi wa Februari aliomba likizo ya siku 10 akatangaza, kwa sauti ambayo majirani waliiona ya juu kidogo, kuwa anakwenda Salalah peke yake.

Kabla ya yote ni lazima neno "mbali" lifafanuliwe, kwa sababu halina maana moja pande mbili za bahari. Kisiwa cha Unguja, kutoka Nungwi hadi Makunduchi, kina urefu wa kilomita 85 hivi, na mtu aliyekimaliza chote kwa siku moja hurudi nyumbani akilalamika mgongo na kuandaliwa uji. Kutoka Maskati hadi Salalah ni kilomita zipatazo 1,000 kwa njia ya bara inayopita Nizwa na Haima, na njia ya pwani, ambayo ndiyo aliyoichagua msafiri wakati wa kwenda, ni ndefu zaidi. Inasemwa kwamba nchi hii kabla ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani, haikuwa na zaidi ya kilomita 10 za lami; leo lami ni nyingi kiasi kwamba kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kuwa umepita. Pikipiki ilikuwa ya mtumba, ya ukubwa wa cc 250, yenye tangi la lita 11, na muuzaji alikula kiapo kwamba inakwenda kilomita 30 kwa lita. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa pikipiki isiyobeba hema, dumu la mafuta la lita 5, pampu, vipande vya kuzibia pancha, kilo 3 za tende, chupa mbili za achari ya maembe na mtu mwenye kilo 92.

Msafiri alijivunia jambo moja la elimu, nalo ni kwamba aliondoka wakati wa kaskazi. Kaskazi, kama wazee wajuavyo, ni upepo wa miezi ya Desemba hadi Machi uvumao kutoka kaskazini-mashariki, ambao kwa karne nyingi ulizisukuma jahazi za Sur kuteremka hadi Lamu, Mombasa na Unguja, kisha kusi ikazirudisha. Kuanzia Ras al Hadd, ncha ya mashariki ya ardhi ya Uarabuni, pwani ya Oman hugeuka kufuata mwelekeo ule ule wa kusini-magharibi, kwa hiyo mpanda pikipiki wa Februari husukumwa mgongoni kama jahazi. Hoja hiyo ni nzuri na ni ya kweli, ila ilisahau kwamba kutoka Maskati hadi Sur, kilomita 200 za mwanzo, upepo huo huo hupiga ubavuni, na kwamba jahazi lina mkuku ilhali pikipiki haina. Msafiri aliingia Sur akiwa ameinamia upande wa kushoto, na aliendelea kuinama hivyo hata alipokuwa amekaa kwenye kiti mgahawani.

Karibu na Sur yapo magofu ya Qalhat, mji wa bandari ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, na hapa panafaa kukumbukwa msafiri mwingine. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikuwa Kilwa, alivuka kutoka huko hadi Dhofar, jimbo ambalo Salalah ndiyo makao yake makuu, kisha akaendelea kwa chombo mpaka kwenye maji ya Sur. Alipoiona Qalhat kwa macho alidhani i karibu, akashuka kwenda kwa miguu, akafika baada ya kuteseka, miguu imevimba, na kiongozi aliyemkodi akiwa amekusudia kumwibia nguo njiani. Tofauti ya wasafiri hawa wawili ni ndogo: mmoja ameacha kitabu na mwingine ana pikipiki, lakini wote wawili walipima umbali kwa macho.

Ushahidi wa kwanza dhidi ya nadharia ya upweke ulipatikana Al Ashkharah, mji wa wavuvi ambako tairi la nyuma liliamua kupumzika. Kando ya barabara palikuwa na kibanda chenye kibao kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu neno linalosomeka "banshar", na msafiri, aliyekuwa amejitayarisha kueleza shida yake kwa ishara za mikono, alisimama akalisoma mara tatu kabla ya kutambua kwamba ni pancha ile ile ya Darajani Unguja, iliyotoka kwa Mwingereza ikavaa kanzu ilipofika Ghuba. Fundi alikuwa Mhindi wa Kerala asiyejua Kiswahili, naye msafiri hakujua Kimalayalam, na Kiarabu cha wote wawili kilikuwa cha kuombea maji tu. Hata hivyo kazi nzima ilifanyika kwa mazungumzo. Fundi alisema "tayar", msafiri akajibu "tairi". Mmoja akataja spana, mwingine akamkabidhi. Breki zilitajwa, zikakaguliwa, zikasikitikiwa kwa pamoja. Wanaisimu, yaani wataalamu wa sayansi ya lugha, wangesema kwamba hayo ni maneno ya mkopo tu yasiyounda lugha kamili, na pengine ni kweli, lakini kwa muda wa dakika 40 lugha hiyo isiyo na kitenzi hata kimoja ilitosha kuziba matundu mawili, kujadili bei, na kumfahamisha msafiri kuwa muuzaji wa pikipiki alikuwa amemwekea mpira wa ndani wa saizi ndogo. Fundi alikataa kupokea malipo ya tundu la pili. Alitaka tende, akapewa, akatoa chai.

Baada ya hapo barabara huingia katika nchi ambayo ramani huionyesha kwa rangi moja. Upande wa bara ni mchanga wa Sharqiya, upande wa bahari ni sabkha, yaani uwanda wa chumvi na tope lililokauka juu tu, ambao machoni ni mgumu kama sakafu ya saruji na chini ni uji. Msafiri hakuingia kwenye sabkha, ingawa alishawishika, kwa sababu ngamia watatu waliokuwa wamesimama ukingoni nao hawakuingia, na mwenye akili hufuata wenyeji. Kuhusu ngamia yapo mengi ya kusema, kwani mnyama huyu ana kilo zaidi ya 400, miguu mirefu inayouweka uzito wote huo sawasawa na kifua cha mpanda pikipiki, na imani thabiti kwamba lami ilitandikwa kwa ajili ya unyayo wake. Honi haimhusu. Msafiri alipiga honi mara saba. Ngamia aliinua shingo, akatazama upande ambao sauti haikutoka, akaendelea kutafuna. Ndiyo maana watu wa huku husisitiza kwamba jua likizama pikipiki nayo izamishwe, kwa maana ngamia hana taa na rangi yake usiku ni rangi ya usiku.

Ilikuwa kusini ya Duqm, jioni, ambapo jaribio lenyewe la kukutana na nafsi lilifanywa rasmi. Msafiri aliegesha pikipiki kando, akavua helmeti, akavaa kofia yake ya kushona kwa mkono, akaketi juu ya jiwe akiwa ameelekea machweo, na kungoja. Nafsi haikuwa imefika wakati gari aina ya Land Cruiser lenye mbuzi wawili nyuma lilipokata kona, likashuka barabarani na kusimama mbele yake, likiziba jua. Katika jangwa la Oman mtu aliyeketi kando ya chombo chake huhesabiwa kuwa ameharibikiwa, na kumpita ni aibu. Maelezo kwamba ameketi kwa hiari yake hayana neno la kuyaeleza. Mzee aliyekuwa ndani aliuliza kwa Kiarabu kuhusu maji, mafuta na tairi, kwa utaratibu huo. Kisha akaitazama ile kofia, ambayo Waomani huiita kumma na ambayo wengi wao hukiri kuwa ilikuja na watu wa Zanzibar, akayasikiliza majibu na lafudhi yake, akazima injini.

"Wewe mtoto wa nani?" aliuliza kwa Kiswahili.

Msafiri alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na tangu hapo machweo yalikwisha bila kutazamwa na mtu. Ieleweke kwamba swali la "mtoto wa nani" ni mbinu ya utafiti iliyokamilika, ambayo kwa maswali manne au matano humtoa mtu yeyote wa Unguja katika kutojulikana kwake na kumwingiza katika ukoo. Mzee alizaliwa Malindi ya Unguja, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, na akaingia Oman baada ya 1970, nchi ilipowaita wanawe waliotawanyika. Kiswahili chake kilikuwa kimehifadhiwa vizuri kama nguo ya sandukuni, chenye maneno ambayo msafiri alikuwa ameyasikia kwa bibi yake tu. Aliulizia sinema ya Majestic, akaambiwa haionyeshi tena picha, akanyamaza kidogo. Akaulizia mtaro mmoja wa maji uliokuwa ukifurika nyuma ya nyumba za Ng'ambo, akaambiwa kwamba huo bado unafurika, akafurahi sana. Mwishowe ilibainika kwamba mke wa marehemu kaka yake alikuwa binamu wa mtu aliyemfunza msafiri Kurani, jambo ambalo mzee alilichukulia kuwa ni udugu na hivyo kumpa haki ya kukagua hema, kulicheka, na kumpeleka msafiri kulala nyumbani kwake.

Kosa kubwa la kimbinu lilitendeka asubuhi, pale msafiri alipotaja njia atakayoipita. Mzee alipiga simu moja. Kuanzia hapo hapakuwa na jangwa tena. Kwenye sheli ya kwanza, mhudumu, akiwa hajaulizwa, alimwambia kuwa amechelewa. Shuwaymiyah alikuta sinia ya wali na papa mkavu ikiwa imefunikwa. Kwenye barabara inayopanda majabali kuelekea Hasik, mahali ambapo bahari iko chini kabisa na binadamu hayupo, na ambapo kusema kweli mandhari yake yangeweza kuitoa nafsi yoyote mafichoni, simu ililia mara nne, na wote wanne walitaka kujua amefika wapi.

Salalah, wakati wa kusi, hupokea ukungu na manyunyu yaitwayo khareef, yanayoigeuza milima yake kuwa ya kijani kuanzia Juni hadi Septemba. Ni upepo ule ule unaotoka kwetu, ambao wengine wa Uarabuni huukosa na Dhofar huunasa milimani. Mashambani mwake, yanayonyweshwa maji ya mifereji na visima, mna minazi, migomba na mipapai, na kando ya barabara huuzwa madafu. Msafiri alifika huko siku ya sita, akanywa mawili kwa mfululizo, na kuandika daftarini, kwa masikitiko ya mtu aliyetoka Maskati, kwamba amevuka jangwa zima ili afike Bububu ya Unguja. Mpwa wa mzee alikuwa akimngoja pale pale kibandani na chupa ya kahawa, halua, na gunia.

Ndani ya gunia mlikuwa na nazi 20. Shangazi mmoja wa ukoo, mkazi wa Seeb kandokando ya Maskati, alikuwa amepata habari kwamba kuna kijana anarudi, na ujumbe wake wa sauti ulikuwa mfupi: "Nazi alete, mbuzi ninayo." (Wapenda sarufi watatambua kwamba angesema "ninaye" tungezungumzia mnyama, hicho alichonacho ni kile kigoda chenye meno cha kukunia.) Hema likaachwa Salalah ili gunia lipate nafasi, na safari ya kurudi kwa njia ya bara, kupitia Thumrait, Haima na Adam, ikafanywa na mtu mmoja na nazi 20 kwa mwendo wa bibi harusi. Karibu na Haima kamba ililegea, nazi moja ikaviringika katikati ya lami, na kabla msafiri hajaegesha, ngamia alikuwa ameshaifikia. Akainusa, akaisukuma kwa pua mpaka mchangani, akasimama juu yake.

Shangazi alizihesabu mlangoni, mara mbili, kabla ya kusema karibu. Mpwa alikuwa ameshampigia simu kumtajia idadi.