Hiyo Inakimbia Ngapi, Mzee?

Ukitaka kudharauliwa Dar es Salaam, nunua pikipiki yenye akili. Usinunue mbovu, mbovu itahurumiwa. Usinunue Boxer, ukiwa na Boxer watu wanajua uko kazini. Wewe nunua Honda CB400 Super Four kama yangu, mtumba wa Japani, nyeusi, haina maplastiki, injini iko nje nje na silinda zake nne kila mtu anazihesabu. Halafu paki kijiweni. Hawatakuuliza bei, wala spea unapata wapi. "Mzee, hiyo inakimbia ngapi?"

Nijibu nini? Dashibodi mwisho imeandikwa 180. Vijana wanachungulia, wanatazamana, mmoja anasema "ahaa" ya kunipa pole, wanarudi kwenye drafti lao.

Pale yadi nilipoinunua, pikipiki zilikuwa mbili, zimepaki jirani. Hii yangu, na nyingine Honda CBR600RR, nyekundu, imevaa mwili mzima, mkia juu. Dalali, hii yangu hata hakuigusa. "Bosi, hii nyekundu ndiyo saizi yako." Nani hapendi kuambiwa hivyo? Tena na mtu ambaye viatu vyangu alishaviona. Akashusha somo: nguvu za farasi mia na ushee, mshale wa mizunguko unafika 15,000. Nikauliza ile nyeusi je? Akasema 53, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa shemeji yake. Mimi habari za mizunguko sizijui. Lakini 15,000 ikitajwa na mtu aliyekunja uso, unaitikia.

Nikapanda. Kiti chake kiko sentimita sita hivi juu ya kile cha nyeusi. Kwako wewe mrefu si kitu. Kwangu ni kufika chini au kuning'inia. Usukani nao wameufunga huko chini kwenye shokapu, miguu inakunjwa kwa nyuma, kwa hiyo ili uendeshe lazima ulalie tangi. Na kati yangu na tangi kuna kitambi. Nikakilaza kitambi juu ya tangi. Mikono ikabeba mwili wote. Shingo nikainyanyua nione mbele, nikaona tairi la Fuso. "Umependeza, bosi," dalali akasema. Fundi aliyekuwa anaosha kabureta pembeni akaiweka chini taratibu, akaenda kucheka nyuma ya kontena. Kontena lenyewe ni la bati, kicheko chote nilikipata.

Kushuka nilishushwa.

Sasa mtu ataniambia ningezoea. Nizoee nini? Ekzosi ya ile nyekundu wameipitisha chini ya kiti, inatokea mkiani, inapendeza sana kwenye picha. Kaa nayo wewe foleni ya Ubungo saa nane mchana, jua juu, moto chini. Gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 100 kwa saa. Mjini sheria inataka 50, na askari kajibanza na tochi yake nyuma ya mwembe. Yaani umelipia gia sita, unatumia nusu ya moja. Halafu nguvu yake yote inakaa juu huko kwenye mizunguko mingi, huku chini imesinzia. Mimi nakaa Goba ya ndani. Kutoka kwangu mpaka lami ni matuta. Mengine kaweka mwenye mamlaka, mengine kaweka mama mmoja aliyechoshwa na bodaboda akamwaga kifusi. Hiyo mizunguko 15,000 nitaizungushia wapi?

Aliyemaliza mjadala ni Mama Junior. Alikuja yadi na pochi yake, akakitazama kiti cha abiria cha nyekundu. Kile ni kipande tu. "Baba Junior, hapa nakaa mimi au tunaweka simu?" Mama Junior si mwembamba. Hapo naishia, gazeti hili analisoma. Akaenda kwenye nyeusi, akakaa, akajisogeza, akapima na nafasi ya mfuko wa mchele katikati. Vikatosha vyote. Mimi nikawa nimeshanunua na sijaulizwa.

Nikatamba wee, mpaka mpwa wangu alipokuja kula Jumapili. Yeye anajua mambo. "Mjomba, hii si ndiyo ya shule za udereva Japani?" Kumbe kule leseni ya kati inaishia cc 400, na mashine waliyokuwa wanajifunzia nchi nzima ndiyo hii. Wanaifunga vyuma ubavuni maana wanafunzi wanaanguka nayo. Imetengenezwa tangu 1992 hadi 2022, sheria za moshi zikaifungia. Miaka yote hiyo vijana wa Tokyo wanaiangusha kwenye koni za plastiki, mimi huku nimeiuzia kiwanja.

Akaongeza kwamba za kuanzia 1999 zina kitu kinaitwa VTEC. Kila silinda ina valvu nne, lakini ukienda polepole mbili zinapumzika, zinaingia kazini ukishavuka mizunguko 6,000 na ushee. Nusu ya valvu zangu ziko likizo! Kesho yake asubuhi nikaipeleka kwa fundi, aziamshe. Yule yule. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akaelekea nyuma ya kontena.

Siku zilipoamka zenyewe nilikuwa barabara ya Bagamoyo, nimesahau kubadilisha gia. Mlio ukageuka ghafla, ukawa mkali. Nikajua kuna kitu kimekatika. Nikaweka pembeni, nikavua elementi, nikainama kutafuta kilichodondoka. Boxer ikanipita, abiria wawili na mbuzi. Mbuzi alinigeukia.

Juzi nimesimama Makongo napokea simu. Mama mmoja na kapu lake la samaki akaja moja kwa moja. "Mwenge buku." Nikajaribu kumweleza kwamba hii si bodaboda, ni silinda nne. Alishapanda, kapu limekaa vizuri katikati. "Twende basi, mwanangu, samaki wanaharibika." Nikaenda. Ungefanyaje? Mwenge akashuka, akanipa buku, akakipapasa kile kiti. Kirefu, akasema, hakichomi, na mwendo wangu wa kistaarabu. Akaomba namba. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu kuna mjukuu wa kuwahishwa shule, na nije na elementi ya mtoto.